Seymour Papert: Mzaliwa wa Pretoria aliyeyatia akili matofali ya plastiki

Katika kijiji cha Soweto mtaani Kibera, kama ilivyo huko Gatina mtaani Kawangware, mtoto asiye na fedha za kununua gari la kuchezea hulitengeneza mwenyewe. Huukunja waya ukawa fremu, akaufungia mwingine mrefu uwe usukani wa kuliendeshea akiwa amesimama wima. Magurudumu huyakata kutoka kwa patipati zilizokwisha, na taa zikawa vifuniko vya soda. Aliye mtundu zaidi huivizia redio ya kaseti iliyomshinda fundi, akaing'oa mota yake ndogo, akaiunganisha na betri mbili, na gari likajiendea lenyewe hatua kadhaa kabla ya kugonga ukuta wa mabati.

Aghalabu watu wazima wapitao hapo huona mtoto anayepoteza wakati ambao angeutumia kudurusu vitabu. Seymour Papert, mwanahisabati aliyefariki mnamo 2016 akiwa na umri wa miaka 88, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza watu wazima wa aina hiyo kwamba wamekosea. Kwake yeye, mtoto anayehangaika na mota na gurudumu alikuwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa hisabati.

Walimu na wataalamu wa tarakilishi kote ulimwenguni wanalifahamu jina lake. Wasiolifahamu wameiona kazi yake pasipo kujua: vichezeo vya matofali ya plastiki vyenye mota, meno na ubongo wa kielektroniki, ambavyo mtoto huvijenga kwa mikono kisha akaviandikia maagizo kwenye tarakilishi ili vitembee, vigeuke na vikwepe kiti. Kilichosahaulika mara nyingi ni kwamba mtu aliyeianzisha fikira hiyo alikuwa Mwafrika Kusini, na kwamba safari yake ilianzia katika nchi iliyokuwa imeamua ni watoto gani wapewe elimu na ni wapi wanyimwe.

Papert alizaliwa mjini Pretoria tarehe 29 Februari 1928, siku ambayo huja mara moja tu kwa kila miaka minne. Baba yake alikuwa mtaalamu wa wadudu aliyechunguza mbung'o, na kwa kuwa mbung'o si mdudu wa mjini, sehemu ya utoto wa Seymour ilipitia porini, pamoja na magari ya safari yaliyohitaji kufunguliwa na kufungwa mara kwa mara. Kabla hajatimiza miaka miwili, majina ya vipuri vya gari yalikuwa sehemu kubwa ya maneno aliyoyajua. Alipenda giya, lakini kipenzi chake hasa kilikuwa difu.

Makanika wa Kawangware hawahitaji kuelezwa difu ni nini. Asiye makanika na aelewe hivi: gari linapokata kona, gurudumu la upande wa nje husafiri mwendo mrefu kuliko la upande wa ndani. Lau yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburutwa na tairi likaisha upesi. Difu huugawa mzunguko unaotoka kwenye injini, kila gurudumu likapata kiasi linachohitaji kulingana na ukinzani linaokutana nao barabarani, bila dereva kugusa chochote.

Mtoto Papert aliyazungusha magurudumu yenye meno kwa mikono yake, na baadaye akayazungusha kichwani. Alipofika shuleni na kukutana na jedwali la kuzidisha, aliliona kama meno ya gurudumu dogo yakiyasukuma ya gurudumu kubwa. Milinganyo yenye x na y, ambayo huwatoa jasho wanafunzi wengi, yeye aliitambua mara moja: ilikuwa difu ile ile, imevaa nguo nyingine. Alipokuwa mtu mzima alijiuliza kwa nini wenzake waliichukia hisabati ilhali yeye aliipenda, na jibu alilolipata likawa msingi wa kazi yake yote. Wenzake hawakuwa wajinga; walikosa tu kitu cha kupenda ambacho kingewapeleka kwenye hisabati.

Familia ilihamia Johannesburg, mji uliogawanywa kwa rangi hata kabla ya chama cha National kutwaa mamlaka mnamo 1948 na kuufanya ubaguzi kuwa sheria ya kila kitu. Akiwa bado mvulana, Papert alitaka kuanzisha masomo ya jioni kwa Waafrika waliofanya kazi za nyumbani mtaani kwao na ambao hawakujua kusoma. Wenye mamlaka walikataa. Sababu alizopewa hazikumwingia akilini, na ni kisa hicho kilichomfanya aanze kujiuliza jinsi watu wanavyofikiri, na jinsi mtu timamu anavyoweza kuamini jambo lisilo na mantiki hata kidogo.

Katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand alipata shahada ya falsafa mnamo 1949 na uzamifu wa hisabati mnamo 1952. Wakati huo wote alikuwa miongoni mwa vijana waliopinga ubaguzi waziwazi, na serikali ikamnyima pasipoti. Mnamo 1954 aliondoka bila hati hiyo, akaenda Uingereza. Mitaa ya Waafrika iliyo kusini magharibi mwa Johannesburg ilikuwa bado haijapewa kwa pamoja jina la Soweto, jina ambalo baadaye lingesafiri kilomita maelfu na kutua Kibera.

Huko Cambridge alipata uzamifu wa pili wa hisabati mnamo 1959, na jijini London akajiunga na kundi la wasoshalisti waliochapisha jarida. Huenda angeishia kuwa profesa wa hisabati kama wengine wengi, lau hangekwenda Geneva.

Jijini Geneva aliishi tangu 1958 hadi 1963, akifanya kazi na Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuwasikiliza watoto. Piaget alikuwa amegundua kwamba mtoto si mtungi mtupu unaosubiri kujazwa maji na mwalimu. Ukimimina maji ya bilauri pana katika chupa nyembamba, mtoto wa miaka minne atakuambia yameongezeka kwa kuwa yamepanda juu. Amekosea, lakini hakubahatisha. Ana nadharia yake kuhusu maji, ameijenga mwenyewe, na ataibomoa mwenyewe siku atakapokuwa tayari. Papert alilikubali jambo hilo, kisha akaongeza lake: mtoto hujenga maarifa vizuri zaidi kichwani anapokuwa anajenga kitu halisi nje ya kichwa, kitu ambacho wengine wanaweza kukitazama, kukigusa na kukikosoa.

Kutoka Geneva alielekea Marekani, katika chuo cha MIT karibu na Boston, akashirikiana na Marvin Minsky kuiongoza maabara ya akili bandia. Mnamo 1969 wawili hao walichapisha kitabu kilichoonyesha udhaifu wa mashine za wakati huo zilizojaribu kuiga neva za ubongo. Wapo wanaomlaumu hadi leo kwamba kitabu hicho kiliukatisha tamaa utafiti huo kwa miaka mingi, utafiti ambao sasa ndio uti wa mgongo wa akili bandia inayozungumziwa kila mahali. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, ingawa makosa ya mashine hizo hayakuwa ya kubuni.

Ila moyo wake ulikuwa kwa watoto. Mnamo 1967, katika kampuni moja ya utafiti mjini Cambridge, Massachusetts, yeye na wenzake, wakiwemo Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni Logo, lugha ya kuiamuru tarakilishi iliyokusudiwa watoto. Msomaji akumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Tarakilishi ya miaka hiyo ilikuwa na ukubwa wa kabati kadhaa, na bei yake ilikuwa ya kutisha hata kwa chuo kikuu. Kusema kwamba siku moja kila mtoto atakuwa na yake kulichukuliwa kuwa mzaha.

Kisha akaja kobe. Alikuwa roboti mdogo mwenye magurudumu na kalamu tumboni, aliyetambaa sakafuni akichora mstari alikopita. Mtoto alimwamuru aende mbele hatua 50, kisha ageuke kulia nyuzi 90. Akirudia mara nne, kobe alichora mraba. Akitaka duara, mtoto aliambiwa asimame na atembee mwenyewe: hatua moja mbele, geuka kidogo, hatua moja mbele, geuka kidogo. Miguu yake ilimpa jibu, na jibu hilo aliliandika katika Logo. Katika hadithi zetu Kobe humshinda Sungura kwa subira. Katika maabara ya Papert aliwafundisha watoto jiometri kwa njia hiyo hiyo, pole pole na bila kuona haya ya kukosea.

Hilo la kukosea lilikuwa muhimu kuliko michoro. Shuleni, jibu lisilo sahihi huwekewa alama nyekundu na suala likaisha. Kobe alipochora pembetatu iliyopinda, hakuna aliyechapwa wala kuchekwa. Maagizo yalikuwa na dosari mahali fulani, na kazi ilikuwa kuitafuta. Papert aliamini kwamba mtoto aliyezoea kuisaka dosari badala ya kuikimbia amepata kitu ambacho hakuna mtihani unaoweza kukipima. Aliyaeleza hayo mnamo 1980 katika kitabu alichokiita Mindstorms, kilichosomwa na walimu katika nchi nyingi. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba katika shule za siku hizo mashine ilitumiwa kumwamuru mtoto, ilhali mtoto ndiye aliyepaswa kuiamuru mashine.

Afrika haikumtoka. Mnamo 1982, akiwa mwanasayansi mkuu wa kituo kipya cha tarakilishi jijini Paris kilichoungwa mkono na serikali ya Ufaransa, Papert na mwenzake Nicholas Negroponte walipeleka tarakilishi zenye Logo kwa watoto wa shule jijini Dakar, Senegal. Watoto wa Dakar waliishika lugha ya kobe kama walivyoishika wenzao wa Boston. Kituo chenyewe, hata hivyo, kilivurugwa na siasa za Paris. Papert na Negroponte wakaondoka wangali mapema.

Wala Boston hakukuwa na nderemo tupu. Watafiti wa Marekani waliowapima watoto waliotumia Logo mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuona kwamba watoto hao walijua kupanga mambo mengine vizuri kuliko wenzao. Papert alijibu kwamba mtu hawezi kuipima Logo kama anavyoipima dawa, kwa kuwa kinachofanya kazi ni darasa zima, pamoja na mwalimu na uhuru aliopewa mtoto. Lilikuwa jibu zuri, lakini pia lilikuwa jibu la mtu ambaye hakupenda sana kupimwa. Shule nyingi zilizonunua tarakilishi ziliziweka katika chumba kimoja, zikaweka ratiba ya nusu saa kwa wiki, na kobe akageuka kuwa somo jingine la kukariri.

Nchini Denmark, katika mji mdogo wa Billund, familia ya Kirk Kristiansen ilikuwa ikitengeneza matofali ya plastiki ya LEGO, ambayo umbo lake la kushikana lilipewa hataza mnamo 1958. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuyatia mota katika miaka ya 1960 kwa ajili ya garimoshi za kuchezea, na mnamo 1977 ikatoa aina yenye magurudumu ya meno na vijiti vya kuzungushia. Mkuu wake, Kjeld Kirk Kristiansen, alimwona Papert akizungumza kwenye kipindi cha televisheni na akatambua kwamba mtu huyo alisema kwa maneno kile ambacho kampuni yake ilikuwa ikikifanya kwa plastiki. Ushirikiano ulianza mnamo 1985.

Majaribio yalifanywa katika shule ya Hennigan, shule ya umma katika mtaa wa Boston ambamo wanafunzi wengi walikuwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Watoto walijenga magari, winchi na mashine za kufulia kwa matofali, wakayaunganisha kwa nyaya na tarakilishi, wakayaandikia maagizo kwa Logo. Kobe alikuwa ametoka kwenye skrini na kurudi sakafuni, na safari hii mtoto ndiye aliyelijenga umbo lake.

Hisabati iliyomo humo haihitaji maabara kuielewa. Mota ndogo huzunguka kwa kasi sana lakini haina nguvu; ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, gari hutetemeka na kukwama kwenye kijiwe cha kwanza. Ichukue iendeshe gurudumu la meno 8 linalosukuma la meno 40. La pili litazunguka mara moja kwa kila mizunguko mitano ya la kwanza. Kasi imepungua mara tano na nguvu imeongezeka karibu mara tano, ukitoa inayoliwa na msuguano. Sasa gari linapanda mlima. Mtoto wa Kawangware anayefunga ufito wa mpira kati ya mota ya redio na kifuniko kikubwa cha mkebe amelifanya jambo lilo hilo. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba anachokifanya kina jina, na kwamba jina hilo limo katika kitabu chake cha hisabati.

Nyaya zilikuwa kero, kwani gari lililofungwa kwenye tarakilishi haliendi mbali. Wanafunzi na wenzake Papert katika MIT, wakiongozwa na Mitchel Resnick na Fred Martin, walitumia miaka kadhaa kuiingiza tarakilishi ndani ya tofali lenyewe. Matokeo yake yalifika madukani mnamo 1998, katika kisanduku kilichopewa jina la kile kitabu cha 1980: Mindstorms. Kilikuwa na vipande zaidi ya 700 na tofali moja kubwa la manjano lililotumia betri sita, lenye nafasi tatu za kuunganisha mota na tatu za vihisi vya mguso na mwanga. Mtoto alipanga maagizo kwenye tarakilishi, akayarusha hadi kwenye tofali kwa mwale usioonekana, na roboti akaondoka peke yake.

Bei yake ilikaribia dola 200. Kwa mkazi wa Kibera wa mwaka huo, hiyo ilikuwa kodi ya miezi mingi ya chumba cha mabati. Mtu aliyezuiwa kuwafundisha watumishi wa Johannesburg kwa sababu ya rangi yao alikuwa sasa ameona fikira yake ikifungiwa katika kisanduku ambacho watoto wa watumishi hao hao hawangeweza kukinunua. Papert aliliona tatizo hilo, na miaka yake iliyofuata inaeleweka vyema ukilikumbuka.

Mnamo 1999 alianzisha maabara ndani ya gereza la watoto katika jimbo la Maine, Marekani, alikokuwa amehamia. Vijana waliofungwa, wengi wao wakiwa wamefeli shuleni au kufukuzwa, walipewa matofali yenye mota, tarakilishi na muda wa kutosha, bila kengele ya kuwakatiza kila dakika 40. Walijenga mashine ambazo walimu wao wa zamani hawangeamini. Katika jimbo hilo hilo alimshawishi gavana Angus King, na kuanzia 2002 kila mwanafunzi wa darasa la saba katika shule za umma alipewa kipakatalishi chake. Awali alikuwa amesaidia pia mpango wa taifa zima nchini Costa Rica, ulioipeleka Logo katika shule za msingi za umma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ukianza na mafunzo ya walimu. Huo ndio uliodumu kuliko mingine yote, na pengine sababu ni hao walimu.

Wakati huo huo, njia nyingine ilikuwa ikifunguka, moja ambayo Papert hakuibuni. Mnamo 1995 kijana wa Australia, James Jessiman, aliandika programu ya LDraw iliyomwezesha mtu kujenga kwa matofali ndani ya tarakilishi, kipande kwa kipande, na akaitoa bure. Alifariki mnamo 1997 akiwa bado kijana sana, lakini wengine waliiendeleza. Kampuni ya Denmark nayo ikatoa programu yake ya bure mnamo 2004, na mnamo 2022 ikaiacha na kuwaelekeza watumiaji kwenye nyingine, pia ya bure. Kwa mtoto ambaye hana hata tofali moja, jambo hili si dogo. Kwenye skrini matofali hayaishi, difu halipotei chini ya kitanda, na gari lenye giya nne linaweza kubomolewa mara mia bila gharama ila ya stima.

Lakini skrini nayo hudanganya. Humo hakuna uzito wala msuguano. Mnara uliosimama wima kwenye tarakilishi huanguka mezani, na giya zilizopangwa vizuri kwenye picha husagana na kukwama zikifungwa kwa mkono. Papert alitaka vyote viwili: kobe wa kwenye skrini na wa sakafuni, ili mmoja amsahihishe mwingine.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa mpango wa kipakatalishi cha bei nafuu kwa kila mtoto wa nchi maskini, uliotangazwa na Negroponte mnamo 2005. Rwanda ilinunua zaidi ya 200,000. Nchini Peru, iliyonunua nyingi kuliko nchi zote, utafiti uliotolewa mnamo 2012 haukuona maendeleo katika alama za hisabati wala lugha. Mashine zilikuwa zimefika bila walimu kuandaliwa ipasavyo, jambo ambalo mtu aliyeyaona ya Dakar na Costa Rica angeweza kulitabiri. Kwa nini hakulipigia kelele zaidi ni swali ambalo wapenzi wake hulikwepa.

Hakupata nafasi ya kulijibu. Mnamo Desemba 2006, alipohudhuria kongamano la hisabati mjini Hanoi, Vietnam, alikuwa akivuka barabara huku akijadiliana na mwenzake jinsi mtu anavyoweza kuuiga kwa tarakilishi ule msongamano wa pikipiki za mji huo. Pikipiki moja ikamgonga. Aliumia ubongo, akalala bila fahamu kwa muda, na alipozinduka ilimbidi kuanza upya kujifunza kuzungumza. Mtu aliyekuwa ameandika maisha yote kuhusu namna watoto wanavyojifunza alirudi kuwa mwanafunzi wa maneno akiwa na miaka 78. Aliishi karibu miaka kumi zaidi nyumbani kwake Blue Hill, Maine, pamoja na mkewe, mwandishi Suzanne Massie, na kufariki tarehe 31 Julai 2016.

Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilikuwa imeanza kusambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma, mpango uliofikisha vifaa zaidi ya milioni moja kabla ya kufifia. Kibera na Kawangware shule za umma ni chache, na watoto wengi husomea katika shule ndogo za watu binafsi, makanisa na jamii, ambazo hazikuwa katika mpango huo. Pengo hilo lilizibwa kidogo kidogo na wengine. Katika miaka ya 2010, taasisi ya Tunapanda iliwafunza vijana wa Kibera teknolojia na usanifu wa kidijitali na kujenga mtandao wa wanajamii wenyewe. Mnamo 2022, mwaka ambao Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu katika shule zake, kampuni ya Denmark ilitangaza kuacha kutengeneza Mindstorms. Lugha ya Scratch, ambayo Resnick na kundi lake waliitoa mnamo 2007 wakiifuata njia ya Logo, hutolewa bure, na mtoto anaweza kuitumia kwa Kiswahili.

Matofali yenyewe hayajabadilika. Lililotengenezwa mnamo 1958 hushikana na lililotoka kiwandani juzi. Ndiyo maana tofali la manjano la 1998 likifika katika marobota ya mitumba sokoni Toi, bila kisanduku wala kitabu cha maelekezo, huenda likakosa tarakilishi ya zamani ya kulirushia maagizo. Mota iliyokuja nalo, ikiwa haijaungua, bado huzunguka ikiunganishwa na betri.